Kwa Kijapani, "Mimi" Ni Sikio



Tarehe 6 Februari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Paulo Miki na wenzake, wafiadini wa Nagasaki. Kwa wengi wetu ni jina tu kwenye kalenda ya ukutani, tunalipita kama tunavyopita mengine. Kwangu siku hii inauma kidogo kila mwaka, kwa sababu inanikumbusha mwalimu ambaye sikumuaga. Leo naomba niwasimulie habari yake, halafu tuitazame pamoja kwa mwanga wa Injili. Kama una mwalimu unayempenda sana, au uliwahi kuwa naye akaondoka, kaa hapa tuongee.

Nimezaliwa Munanila, kule juu kwenye vilima vya Kigoma. Siku hizi tuko Wilaya ya Buhigwe, lakini wazee bado wanasema "Munanila ya Kasulu" kwa sababu ndiyo wilaya waliyokulia. Asubuhi kuna ukungu na baridi, na Burundi iko jirani kabisa. Tunalima maharage, ndizi, kahawa na tangawizi.

Baba aliondoka nikiwa darasa la tatu. Alikwenda kutafuta kazi Urambo, kwenye mashamba ya tumbaku, kama wanaume wengi wa kwetu walivyofanya. Asubuhi ile alibeba mfuko wake begani, akanishika kichwa, akasema, "Nakuja." Si unakijua Kiswahili chetu? Mtu anatoka nje, ameshakupa mgongo, na neno analokuachia ni "nakuja". Nilikaa kwenye jiwe kando ya njia mpaka giza likaingia. Miaka miwili ya kwanza alituma hela. Baada ya hapo, kimya.

Nasema hili mapema ili mnielewe mbele ya safari.

Mwalimu aliyesema "sijui"

Sekondari nilipangiwa shule ya bweni mkoani Morogoro. Kutoka kwetu unashuka Kigoma mjini kwa barabara ya Manyovu, kisha unapanda treni ya reli ya kati. Nilipokuwa kidato cha pili, alikuja mwalimu kijana kutoka Japani, mmoja wa wale vijana wa kujitolea wanaoletwa na shirika la JICA. Vijana hao wamekuwa wakija Tanzania tangu mwaka 1967, wanafundisha, wanafanya kazi zao, na kwa kawaida baada ya miaka miwili wanarudi kwao. Sisi hatukuijua habari hiyo ya miaka miwili. Tulijua tu kwamba tumepata mwalimu wa Hisabati.

Jamani, Kiswahili chake! Siku ya kwanza alisimama mbele ya darasa akasema, "Mimi ni mwalimu wenu." Halafu akacheka peke yake. Tukamwangalia. Akajishika sikio, akasema, "Kijapani, *mimi* ni hii." Kumbe kwao neno *mimi* maana yake ni sikio. Darasa zima lilianguka kicheko. Kuanzia siku hiyo, mtu akianza kujisifu bwenini, mimi hiki na mimi kile, wenzake walikuwa wanamshika sikio.

Jumamosi jioni alianza kutufundisha Kijapani wale tuliotaka. Tulianza ishirini, tukabaki saba. Matamshi hayakutusumbua, kwa sababu vokali zao ni tano kama zetu, a, e, i, o, u, na maneno mengi yanaishia kwa vokali kama yetu. Maji ni *mizu*. Mwalimu ni *sensei*, na ukiziangalia zile alama mbili wanazoliandikia neno hilo, maana yake ni "aliyetangulia kuzaliwa". Tulimuuliza, "Kwa hiyo mwalimu ni mzee?" Akasema hapana, ni mtu aliyepita njia hiyo kabla yako.

Kilichotusumbua ni mpangilio wa sentensi. Kwa Kijapani kitendo kinakaa mwisho, na hata kukanusha kunakuja mwisho. Mtu anaweza kukutajia yeye mwenyewe, na kesho, na sokoni, lakini hujui kama anakwenda au haendi mpaka afikie neno la mwisho. Ukimkatisha katikati, umepotea. Sensei alikuwa akituambia kwa Kiswahili chake, "Subiri. Sentensi bado."

Sasa, kuhusu Paulo Miki. Nilikuwa mwanachama wa TYCS, na mwezi Februari mmoja niliona kwenye kalenda yetu: "Mt. Paulo Miki na wenzake, wafiadini, Nagasaki." Mpaka wakati huo Japani niliijua kwa vitu viwili: magari ya Toyota na mabomu ya atomiki ya mwaka 1945 tuliyosoma kwenye Historia. Nikamfuata Sensei mbio. "Kumbe kwenu kuna watakatifu?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Sijui. Mimi si Mkristo. Nitauliza."

Katika miaka yangu yote ya shule sikuwahi kumsikia mwalimu akiniambia "sijui, nitauliza". Na aliuliza kweli. Alimwandikia mama yake, mama yake akamtumia kijitabu, naye akaanza kukitafsiri kidogo kidogo, kamusi mkononi, kwenye daftari la mistari. Kila Jumamosi, Kijapani kikiisha, alinisomea ukurasa mmoja. Hebu fikiria: mtu asiyeamini anakaa na kijana wa Munanila, anahangaika na kamusi, ili kijana huyo awajue watakatifu wake mwenyewe.

Habari ya sikio la kushoto

Hivi ndivyo nilivyojifunza. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima, kusini mwa Japani, tarehe 15 Agosti 1549, sikukuu ya Mama Maria Kupalizwa Mbinguni. Alikaa nchini humo miaka miwili na miezi michache tu, akaondoka. Mwaka uliofuata, Desemba 1552, alifariki katika kisiwa kidogo karibu na China. Lakini mbegu ilikuwa imeota.

Miaka arobaini na kitu baadaye, mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru kundi la Wakristo liuawe. Kulikuwa na wamisionari sita Wafransisko kutoka nje, Wajesuiti watatu Wajapani, mmoja wao akiwa Paulo Miki, na waliobaki walikuwa walei Wajapani. Katika kundi walikuwamo vijana watatu: Luis wa miaka 12, Antonio wa miaka 13 na Tomas Kozaki wa miaka 14. Walianza safari wakiwa 24, njiani wakaongezwa wawili. Huko Kyoto, kabla ya safari, kila mmoja alikatwa kipande cha sikio la kushoto, wakapitishwa mitaani juu ya mikokoteni ili watu wawacheke. Kisha wakasafirishwa mamia ya kilomita katika baridi kali mpaka Nagasaki. Tarehe 5 Februari 1597 wakasulubiwa juu ya kilima cha Nishizaka. Paulo Miki alihubiri kutoka msalabani, akawasamehe waliomuua.

Sensei alipofika kwenye ile sentensi ya sikio, alisimama. Akajigusa sikio lake, akasema taratibu, "*Mimi.*" Safari hii hakuna aliyecheka.

Kulikuwa na barua pia. Tomas, yule wa miaka 14, aliuawa pamoja na baba yake. Njiani alimwandikia mama yake barua, akamwambia asiwahuzunikie, kwamba watamsubiri mbinguni, na kwamba hata kama saa ya kufa isingekuwa na padre karibu, atubu kwa moyo na kumshika Kristo. Barua ile haikumfikia mama. Ilikutwa kwenye mwili wa baba yake, ina damu.

Kijana wa miaka 14 aliyekwenda kufa bega kwa bega na baba yake. Mimi wakati ule nilikuwa na miaka 16, na baba yangu sikujua alipo. Usiku ule sikulala.

Nilipogeuza upendo kuwa umiliki

Basi, nikampenda yule mwalimu. Ni kweli, na sioni aibu kusema. Nilibeba madaftari yake, nikamfulia gunia la kufutia ubao, nikajua saa anayopita njia ya jikoni. Hisabati ikapanda kutoka D hadi B. Mpaka hapo hakuna dhambi.

Lakini polepole kitu kikageuka. Mwenzangu mmoja alipoanza kuandika zile herufi vizuri kuliko mimi, Sensei akamsifu mbele yetu, nikaacha kumsalimia yule mwenzangu. Jumamosi moja Sensei aliahirisha ukurasa wangu ili amsaidie mwanafunzi aliyekuwa anafeli kabisa, nami nikanuna wiki nzima. Nilitaka awe wangu. Ile *mimi* yake ya sikio nilikuwa nimeirudisha kuwa *mimi* ya Kiswahili: mimi kwanza, mimi peke yangu.

Nilipokuwa kidato cha nne, miezi michache kabla ya mtihani wa taifa, mkuu wa shule alitutangazia mstarini kwamba muda wa Sensei umekwisha, na Ijumaa kutakuwa na hafla fupi ya kumuaga.

Nilihisi ile baridi ya kwenye jiwe kando ya njia.

Ijumaa ile kwaya iliimba, wenzangu wakampa kitenge. Mimi nilikuwa nimejificha shamba la shule, nyuma ya migomba, nimekaa chini, nasikia ngoma kwa mbali. Nilisikia jina langu likiitwa mara mbili. Sikuitika. Nikajiambia: aende, wote ni walewale.

Jioni yule mwenzangu, yuleyule niliyeacha kumsalimia, alinitafuta akanipa daftari la mistari. Sensei alikuwa ameniachia. Kwenye jalada aliandika kwa herufi za Kijapani, na chini yake kwa Kiswahili cha kuparaza: "*Ittekimasu.* Naenda na nakuja."

Hilo ndilo neno ambalo Wajapani husema wanapotoka nyumbani asubuhi. Wanaobaki hujibu *itterasshai*, yaani "nenda, uje". Alitufundisha salamu hiyo wiki za mwanzo, na tulipomwambia kwamba na sisi Waswahili tunasema "nakuja" wakati tunaondoka, alifurahi mno, akaiandika kwenye kitabu chake. Sasa alikuwa ameisema kwangu, na mimi sikuwepo kumjibu.

Nililitupa daftari chini ya sanduku. Mtihani wa majaribio nikaanguka vibaya. Nilikuwa nimeacha kusoma, kana kwamba namkomoa yeye, wakati yeye yuko zake Japani na anayeanguka ni mimi.

Alichosema Bibi

Likizo ile nilirudi Munanila. Katekista wa kigango chetu alikuwa mgonjwa wa miguu, na watoto wa Komunyo ya Kwanza hawakuwa na mtu. Bibi akaniambia niwafundishe. Nikakataa. Nikasema nina mtihani, halafu nikaongeza kwa hasira, "Na kufundisha watu kuna faida gani? Unawazoesha, kisha unaondoka."

Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Nikamuuliza, kwa kejeli kidogo, Mungu anisamehe, "Kwani wewe, Bibi, nani alikufundisha sala?"

Akanitajia katekista wa zamani, aliyefariki kabla hata Mama hajazaliwa. Akanieleza alivyokuwa anatembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, na kwamba siku aliyozikwa mvua ilinyesha.

"Ulilia?"

"Nililia sana."

"Halafu?"

"Halafu nikamzaa mama yako, nikamfundisha." Akasukuma ungo kwangu. "Chambua, *mwana wanje*, giza linaingia."

Hakusema kingine. Usiku nilitoa daftari kwenye begi nikawasha taa. Nilikuwa nimelibeba mpaka nyumbani bila kujua kwa nini. Nikakuta kwamba Sensei, kabla ya kuondoka, alikuwa amemaliza kutafsiri kijitabu chote. Kurasa za mwisho, ambazo hatukuwahi kufika pamoja, zilikuwa habari ya Wakristo waliobaki bila mwalimu.

Zaidi ya miaka 200 bila padre

Mwaka 1614 serikali ya Japani ilipiga marufuku Ukristo nchi nzima. Mapadre walifukuzwa, waliojificha waliwindwa. Padre wa mwisho aliyebaki kati ya waamini, Mjapani aitwaye Konishi Mansho, aliuawa mwaka 1644. Baada yake hapakuwa na Misa, hapakuwa na kitubio. Watu walilazimishwa kukanyaga picha takatifu kwa miguu yao ili kuthibitisha kwamba si Wakristo.

Sasa angalia walichofanya wakulima na wavuvi wa maeneo ya Nagasaki. Waligawana kazi. Mmoja alitunza kalenda, ili wajue Noeli ni lini na Kwaresima inaanza lini. Mwingine alibatiza watoto, naye waliita *mizukata*, mtu wa maji. Lile lile *mizu* letu la Jumamosi ya kwanza! Waliweka sanamu za mama mwenye mtoto zilizofanana na sanamu za Kibudha, majirani wasishtuke, wao wakamwona Maria. Walikariri sala za Kilatini na Kireno walizofundishwa na mababu, na vizazi vilivyopita maneno yakapindapinda mpaka wenyewe hawakuelewa tena kila neno, lakini waliyasema. Nikamkumbuka Bibi anavyoimba Kilatini cha utoto wake akiwa shambani.

Ilisimuliwa kati yao kwamba katekista mmoja, Bastian, kabla ya kuuawa aliwaambia kwamba baada ya vizazi saba waungamishaji watakuja kwa meli kubwa nyeusi. Wakahesabu vizazi. Baba akamwambia mwana, mwana akamwambia mwana.

Tarehe 17 Machi 1865, katika kanisa jipya la Oura mjini Nagasaki, lililojengwa kwa heshima ya wale wafiadini 26, padre Mfaransa Bernard Petitjean aliona kikundi cha watu kama kumi na watano mlangoni. Walitoka Urakami. Mwanamke mmoja akamsogelea akamnong'oneza kwamba mioyo yao ni sawa na moyo wake, akauliza sanamu ya Mama Maria iko wapi.

Zaidi ya miaka 200! Vizazi vimekufa vikiisubiri siku ile. Na mateso hayakuishia hapo. Miaka michache baadaye zaidi ya watu 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa, na mamia walifia huko, mpaka katazo lilipoondolewa mwaka 1873. Na bomu la tarehe 9 Agosti 1945, lile nililolisoma darasani kama tarehe ya kukariri, lililipuka juu ya Urakami. Wengi wa waliokufa katika parokia ile walikuwa wajukuu wa wale waliosubiri.

Nilifunga daftari. Nikajiuliza: hawa walibakiwa na nini, mwalimu wao alipoondoka? Walibakiwa na walichosikia. Wenye mamlaka waliweza kukata kipande cha sikio la nje. Lile lililokwisha kusikia hawakulifikia.

Wala tusidhani hayo ni ya Japani tu. Kwetu pia yapo. Mapadre Weupe waliofika Buganda mwaka 1879 walilazimika kuondoka Novemba 1882, wakahamia Bukumbi, upande wetu wa kusini mwa Ziwa Victoria. Walirudi Julai 1885. Katika muda huo wa karibu miaka mitatu, wanafunzi wao ndio waliofundishana. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwalea vijana wa ikulu katika imani. Alipouawa Novemba 1885, Karoli Lwanga alishika nafasi yake, na mwaka uliofuata, kabla ya kupelekwa Namugongo, akambatiza kijana Kizito kwa mikono yake. Kama wangekaa nyuma ya migomba wakinuna kwamba mapadre wameondoka, tarehe 3 Juni tungeadhimisha nini?

Maria Magdalena na neno "Raboni"

Wapendwa, fungueni Yohane 20:11-18. Maria Magdalena yuko kaburini, analia. Anamwona Yesu na hamtambui, anadhani ni mtunza bustani. Macho yake yana machozi. Anamtambua wakati gani? Anaposikia jina lake likiitwa. Ni sikio lililofanya kazi. Na anachojibu, Yohane ametuachia kwa lugha yao wenyewe: *Raboni*, mwalimu wangu.

Kisha Yesu anamwambia jambo linalouma: asimshike, kwa kuwa anapaa kwa Baba, bali aende kwa ndugu zake akawape habari. Zamani niliona kama Yesu anamsukuma. Siku hizi naona kwamba hakumkataza kumpenda, wala hakumsahihisha alipomwita mwalimu. Alimpa kazi. Magdalena aliyetaka kushika akatumwa, na ndiyo maana Kanisa linamwita mtume wa mitume. Angebaki ameshika miguu ile, nani angewaambia wengine?

Na kwenye Yohane 14:28, usiku ule wa karamu ya mwisho, Yesu anawakumbusha wanafunzi alichokwisha kuwaambia: anakwenda, na anakuja kwao. Anakwenda na anakuja. Niliposoma hapo nilishtuka. Ni *ittekimasu*. Ni lile "nakuja" letu la mlangoni, ila safari hii linasemwa na yule asiyeweza kudanganya.

Baba yangu alisema "nakuja" na mpaka leo ninapoandika hajarudi. Sensei aliandika "nakuja", naye sijamwona tena. Sitaki kuwadanganya, vijana wenzangu, kwamba ukisali sana kila aliyeondoka atagonga mlango. Binadamu anasema "nakuja" kwa nia njema na maisha yanamzidi. Lakini wako watu walioshika neno la Kristo kwa zaidi ya miaka 200, na neno halikuwaaibisha. Mzigo niliotaka Sensei aubebe, wa kuwa baba asiyeondoka, haukuwa saizi ya mabega yake. Ulikuwa wa Mungu.

Basi wewe, ufanyeje?

Kwanza, usione aibu kumpenda mwalimu mwema. Mshukuru Mungu kwa ajili yake, na yeye mwenyewe umwambie asante angali yupo. Usisubiri hafla.

Pili, jipime. Ukimpenda na bado unawafurahia wenzako anapowasifu, upendo wako ni mzima. Ukianza kuwachukia wenzako kwa ajili yake, au ukaona kwamba bila yeye huwezi kusoma, kusali wala kula, jishike sikio. Nenda kaongee na mzazi, mlezi wa vijana au padre wako. Na mwalimu mwema hatakuficha na watu wala kukutaka siri. Anayefanya hivyo mkimbie, ukamwambie mtu mzima unayemwamini.

Tatu, alichokufundisha kimpe mtu mwingine. Hata kidogo. Hata kama ni jinsi ya kupata kipeo cha pili.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kigangoni. Watoto kumi na mmoja, wengi pekupeku, mmoja na mdogo wake mgongoni. Nilianza kwa kujishika sikio nikawaambia, "Kuna nchi ya mbali, huko hii inaitwa *mimi*." Wakacheka mpaka wakaangukiana. Halafu nikawasimulia habari ya Luis, Antonio na Tomas, na hawakucheka tena. Wiki nne tulikaa pamoja. Hisabati yangu nayo ilirudi, maana usiku nilisoma kwa lile daftari la mistari likiwa wazi pembeni. Yule mwenzangu nilimwomba msamaha siku ya kwanza ya kufungua shule, na tukakaa dawati moja mpaka mtihani wa taifa.

Siku ya kuondoka Munanila, katoto kamoja kalining'ang'ania sweta langu barabarani, kakaniuliza, "Utarudi, Mwalimu?" Gari lilikuwa linapiga honi. Nilichuchumaa. Nilitaka kusema "nakuja" nikaona ulimi mzito, kwa sababu sasa nilijua uzito wa neno hilo. Nikamwambia, "Naenda. Mungu akipenda, nakuja. Wewe wafundishe wadogo zako ile sala." Kakaniachia.

Garini, tukishuka kuelekea Kigoma, nililitoa daftari nikaliangalia jalada. Nikasema kwa sauti ya chini, jirani yangu akageuka kunishangaa: *Itterasshai*, Sensei. Nenda, uje. Nilichelewa miezi miwili, lakini sentensi ilikuwa bado haijaisha.

Tusali.

*Ee Yesu, Mwalimu mwema, tunakushukuru kwa ajili ya wote waliotufundisha, walio karibu na walio mbali, wanaokujua na wasiokujua bado. Wabariki popote walipo. Waponye vijana wenzetu walioachwa na wazazi, walimu na marafiki. Utupe sikio linalosikia unapotuita kwa jina, na miguu ya kwenda kwa ndugu zetu. Mtakatifu Paulo Miki na wenzako, mtuombee. Mtakatifu Maria Magdalena, utuombee. Amina.*

Tuombeane, wapendwa. Na kama kuna mwalimu hujamshukuru, mtafute leo.